Chujio la barua taka limesahau kila kitu baada ya kupandisha mfumo: mwongozo kamili wa kulirudisha kwenye Thunderbird

"Fundi, nimeshalifuta mara tatu, na bado linaniletea bahati nasibu."

Aliyesema hivyo ni dada mmoja wa ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari ya Tanga. Kompyuta yake ilipandishwa kwenda mfumo mpya Ijumaa. Jumatatu akakuta barua taka zimejaa kwenye Inbox, na hati mbili za mzigo wa mteja zimetupwa kwenye Junk, folda ya barua taka. Nikamwambia chujio halijaharibika, limesahau, na kila alipolifuta ndipo alipolisahaulisha zaidi.

Tangu msaada wa Windows 10 ukome tarehe 14 Oktoba 2025, na wengine wetu tuhamie Ubuntu mpya (mfumo wa aina ya Linux), nimeitwa kwa tatizo hili hili Ngamiani, Chumbageni na Makorora, na wengi niliowaelekeza kwa simu wamerudi na kosa lile lile. Ndiyo maana naandika kila hatua kwa kirefu. Fuata mpangilio kama ulivyo, kwa sababu ukianza na hatua ya 8 kabla ya kumaliza ya 5, utafundisha chujio saa nzima halafu ufute kazi yako kwa mkono wako mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa Thunderbird, programu ya kusoma na kutuma barua pepe, kwenye Windows na kwenye Ubuntu. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini. Toleo lako likiandika "Spam" pale ninapoandika "Junk", usibabaike, ni kitu kimoja.

## Andaa haya kwanza

- Flashi au diski ya nje yenye nafasi ya kutosha kubeba barua zako zote. Kama ofisi ina barua za miaka mingi zenye viambatisho, flashi ya GB 32 huenda isitoshe.
- Nywila ya kila akaunti ya barua pepe. Usitegemee kuwa kompyuta inazikumbuka.
- Jibu la swali hili: akaunti yako ni IMAP au POP? Angalia kwenye "Account Settings", sehemu ya "Server Settings". IMAP maana yake barua ziko kwenye seva, hapo kwako ni nakala. POP maana yake huenda barua zako ziko kwenye hiyo kompyuta tu na si mahali pengine duniani.
- Kompyuta ya zamani au diski yake, kama bado ipo. Usimpe mtu, usiifomati.
- Muda wa saa moja na nusu bila kusumbuliwa, na chaji ya kutosha. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, utaanza upya.

Onyo kwa watu wa Windows: kama mfumo mpya ulisakinishwa juu ya wa zamani, faili zako za awali zinaweza kuwa ndani ya folda ya `C:\Windows.old`. Windows huifuta folda hiyo yenyewe siku 10 baada ya kupandisha. Kama leo ni siku ya 8, acha kusoma, inakili kwenye diski ya nje, kisha urudi hapa.

## Hatua ya 1: Usiguse "Reset Training Data"

Kitufe hiki kipo kwenye "Settings", "Privacy & Security", sehemu ya "Junk". Kinavutia mkono kwa sababu jina lake linasikika kama tiba. Kazi yake ni moja tu: kufuta kila ulichowahi kulifundisha chujio.

Elewa kwanza chujio linavyofanya kazi, maana hatua zote zinazofuata zinasimama hapo. Thunderbird haina orodha ya maneno mabaya iliyotoka kiwandani. Ina daftari, faili linaloitwa `training.dat`. Kila unapoiambia "hii taka" au "hii si taka", inahesabu maneno ya barua hiyo na kuyaandika upande unaohusika. Barua mpya ikiingia, inapima maneno yake kwa hesabu zilizomo daftarini.

Kwa hiyo kila daftari ni la mwenyewe. Kwa ofisi inayonunua mkonge, neno "mkonge" ni dalili nzito kwamba barua ni njema. Kwa duka la simu, neno hilo hilo halina uzito wowote. Na kwa kuwa chujio linahesabu maneno tu, halijali lugha: barua ya utapeli ya Kiswahili, ya ukoo mmoja na ile "hela tuma kwenye namba hii", litaikamata vizuri sana, mradi limeonyeshwa mifano.

Mfumo ukipandishwa, programu huwa nzima. Daftari ndilo huachwa nyuma.

Kama umeshabonyeza kitufe hicho, usijilaumu sana. Daftari la zamani linaweza kuwa bado lipo kwenye profaili nyingine (hatua ya 3 inaeleza ni nini) au kwenye nakala, na hatua ya 4 ni ya kulitafuta.

## Hatua ya 2: Funga programu, nakili kila kitu

Funga Thunderbird kabisa. Usiishie kupunguza dirisha, toka kwenye programu yenyewe. Sababu ni hii: ikiwa wazi, Thunderbird hushika daftari kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuliandika upya diskini kwa wakati wake. Ukibadilisha faili chini ya miguu yake, itaandika la kwake juu ya la kwako wakati wa kufunga. Hili ndilo kosa la pili kwa wingi ninalolikuta. Mtu amefanya kila kitu sawasawa, ila programu ilikuwa wazi.

Sasa nakili folda nzima ya Thunderbird kwenye flashi:

- Windows: fungua kidirisha cha folda, andika `%APPDATA%\Thunderbird` kwenye mstari wa anwani, kisha bonyeza Enter.
- Ubuntu iliyokuwa na Thunderbird ya kawaida: `~/.thunderbird`
- Ubuntu yenye Thunderbird ya snap (aina ya kifurushi cha programu cha Ubuntu): `~/snap/thunderbird/common/.thunderbird`
- Waliosakinisha kwa Flatpak (aina nyingine ya kifurushi cha programu kwenye Linux): `~/.var/app/org.mozilla.Thunderbird/.thunderbird`

Kwenye Ubuntu folda zinazoanza na nukta hufichwa. Bonyeza Ctrl+H na zitajitokeza.

Umefaulu ikiwa unaweza kuchomoa flashi, kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, na kuiona folda hiyo ikiwa na ukubwa ule ule. Kama hujajaribu, bado huna nakala.

## Hatua ya 3: Jua unatumia profaili ipi

Profaili ni folda inayobeba akaunti zako, barua zako, vitabu vya anwani na lile daftari. Kompyuta moja inaweza kuwa na profaili kadhaa, na baada ya kupandisha mfumo mara nyingi huwa nazo mbili: ya zamani iliyolala, na mpya iliyozaliwa jana.

Fungua Thunderbird. Nenda "Help", kisha "Troubleshooting Information". Kwenye jedwali la juu tafuta mstari wa "Profile Folder" au "Profile Directory". Iandike njia yake kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi. Utaihitaji wakati programu imefungwa.

Kwenye ukurasa huo huo kuna kiungo cha `about:profiles`. Kibofye. Utaona profaili zote ambazo Thunderbird hii inazijua. Inayotumika sasa hivi huwa na maelezo kwamba iko kazini na haiwezi kufutwa.

Wa Ubuntu wasome hapa kwa makini. Kuanzia Ubuntu 24.04, iliyotoka Aprili 2024, Thunderbird inayokuja na mfumo ni ya snap, nayo huishi kwenye folda yake peke yake. Hivyo `~/.thunderbird` yako inaweza kuwa imebaki palepale, nzima kabisa, na programu mpya haina habari nayo. Kwa jamaa mmoja wa Raskazone nilikuta barua za miaka sita zimelala hivyo, na yeye ameshaanza kuwaandikia wateja wamtumie upya ankara zao.

## Hatua ya 4: Tafuta daftari la zamani

Kwenye Ubuntu, fungua terminal (dirisha la kuandikia amri) uandike:

`find ~ -name training.dat -ls`

Itakuorodheshea kila daftari lililomo kwenye folda yako ya nyumbani, pamoja na ukubwa na tarehe ya mwisho kuguswa.

Kwenye Windows, ingia `%APPDATA%\Thunderbird\Profiles`, fungua kila folda iliyomo, na utafute `training.dat`. Kisha angalia njia hiyo hiyo ndani ya `Windows.old`, ukianzia `Users`, jina lako, `AppData`, `Roaming`. Kama folda ya `AppData` haionekani, washa kuonyesha vitu vilivyofichwa kwenye menyu ya "View".

Utalijuaje la kweli? Kwa ukubwa na tarehe. Daftari la mtu aliyefundisha kwa miaka huwa na mamia ya kilobaiti, pengine megabaiti. Jipya huwa na kilobaiti chache, au halipo kabisa kwa sababu bado hujalifundisha kitu. Tarehe ya la kweli inapaswa kuwa karibu na siku ya mwisho uliyotumia mfumo wa zamani.

Usilifungue kwa programu ya kuandikia ili "kuhakikisha". Halisomeki kwa macho, na ukilihifadhi kwa bahati mbaya, umeliharibu.

Kama hakuna hata moja kubwa, pole, lako limekwenda. Ruka hatua ya 5, endelea na ya 6.

## Hatua ya 5: Rudisha daftari mahali pake

Hapa njia zinagawanyika, na ndipo jibu la IMAP au POP linapohitajika.

Kama akaunti zako ni POP, au kama barua za zamani hazionekani kabisa, usirudishe daftari peke yake. Rudisha profaili nzima. Ikiwa profaili ya zamani inaonekana kwenye `about:profiles`, ichague uifanye ya kawaida kwa "Set as default profile", kisha funga na ufungue programu. Ikiwa haionekani, kama inavyotokea kwenye snap, funga Thunderbird, nakili folda ya profaili ya zamani uiweke ndani ya folda mpya ya Thunderbird, kisha uanzishe programu kwa `thunderbird -P`. Tengeneza profaili mpya na uielekeze kwenye folda hiyo uliyonakili.

Kama ni IMAP na barua zote zimeshashuka upya kutoka kwenye seva, daftari peke yake linatosha:

1. Funga Thunderbird. Rudia: funga.
2. Nenda kwenye profaili inayotumika, ile uliyoiandika kwenye karatasi.
3. Kama kuna `training.dat` ndani yake, ibadilishe jina iwe `training-mpya.dat`. Usiifute.
4. Nakili `training.dat` ya zamani uiweke hapo.
5. Fungua Thunderbird.

Madaftari mawili hayaunganishwi. La zamani likikaa, mafunzo ya siku chache za karibuni yanapotea, na mara nyingi ni bei nafuu.

Onyo: usijaribu kurudi kwenye Thunderbird ya toleo la zamani ukitumia profaili ambayo toleo jipya limeshaigusa. Itakataa na kukutaka utengeneze profaili nyingine. Hiyo ni kinga, si hitilafu, kwa hiyo usitafute mbinu za kuizunguka.

Kujua kama umefaulu: chagua folda yenye barua taka kadhaa ambazo hazijawekewa alama, nenda "Tools", kisha "Run Junk Mail Controls on Folder". Ukiona alama ya mwali wa moto ikiwaka kwenye nyingi ya zile taka, daftari limesomeka. Menyu ya "Tools" isipoonekana, bonyeza Alt.

## Hatua ya 6: Washa chujio, akaunti kwa akaunti

Daftari ni moja kwa profaili nzima, lakini swichi ni ya kila akaunti. Ndiyo maana mtu ananiambia chujio linafanya kazi kwenye barua ya ofisi ila si kwenye ile ya binafsi.

Fungua "Account Settings". Chini ya kila akaunti kuna "Junk Settings". Weka tiki kwenye "Enable adaptive junk mail controls for this account". Fanya hivyo kwa akaunti zote, hata ile usiyoipenda.

Hapo hapo amua barua taka ziende wapi, kwenye "Move new junk messages to". Kwa akaunti ya Gmail, elekeza kwenye folda ya Spam ya Gmail yenyewe, kwa sababu ukihamishia barua huko kupitia IMAP, Gmail nayo huihesabu kuwa umeiripoti. Umefundisha wawili kwa kazi moja. Ila kumbuka Gmail hufuta vilivyomo Spam baada ya siku 30, kwa hiyo ipitie folda hiyo kila wiki.

Kuna pia kisanduku cha kufuta barua taka zenye umri wa siku kadhaa. Kwa mwezi wa kwanza kiache bila tiki. Chujio lililotoka kusahau litakosea, na barua njema iliyotupwa Junk lazima uwe na nafasi ya kuiokoa.

## Hatua ya 7: Kagua wanaopita mlangoni bila kuulizwa

Kwenye ukurasa huo huo kuna orodha ya vitabu vya anwani chini ya maneno "Do not automatically mark mail as junk if the sender is in". Mtu aliyemo kwenye kitabu chenye tiki hapimwi kabisa. Anapita.

Ni jambo jema mpaka uangalie kilichomo kwenye "Collected Addresses". Thunderbird, isipozuiwa, humwingiza humo kila mtu unayemtumia barua. Sasa fikiria: tapeli amekuandikia, nawe kwa uungwana wa Kitanga ukamjibu, "Tafadhali ndugu, acha kunitumia." Kwa jibu hilo moja umemwandika kitabuni. Kuanzia leo ana ruhusa.

Fanya hivi:

- Fungua kitabu cha "Collected Addresses", ufute usiowajua. Kwenye ofisi ya yule dada tulifuta majina mengi kuliko tuliyoyabakiza.
- Ondoa tiki ya "Collected Addresses" kwenye orodha ile, ubakishe "Personal Address Book" peke yake.
- Tapeli usimjibu, hata kwa matusi.

Jihadhari pia na barua inayojifanya imetoka kwa bosi wako. Anwani ya bosi imo kitabuni, kwa hiyo chujio halitaigusa. Barua ya namna hiyo ikitaka malipo ya haraka, inua simu umpigie mwenyewe. Hapo hakuna programu itakayokusaidia.

## Hatua ya 8: Fundisha pande zote mbili

Tumefika kwenye moyo wa kazi, na ndiyo hatua ambayo watu huifanya nusu.

Kila mtu anajua kubonyeza J kwenye barua taka, yaani "hii taka". Wachache sana hubonyeza Shift+J kwenye barua njema, yaani "hii si taka". Matokeo yake daftari linakuwa na kurasa nyingi za upande mmoja na karibu tupu upande wa pili. Chujio la namna hiyo linakuwa kama mlinzi aliyeonyeshwa picha za wezi tu, bila kuonyeshwa hata mkazi mmoja wa nyumba.

Mfano wa kweli. Ofisi moja ya biashara ya mkonge ilikuwa inapata barua nyingi za utapeli zenye kiambatisho cha ankara bandia. Karani akazipiga J zote kwa bidii, wiki mbili mfululizo. Hakuwahi kuweka Shift+J kwenye ankara hata moja ya kweli. Chujio likahitimisha, na kwa ushahidi lililopewa lilikuwa sahihi, kwamba "ankara", "malipo" na "kiambatisho" ni maneno ya taka. Wiki ya tatu ankara halali zikaanza kuzama Junk. Mteja akadhani anakwepwa.

Na jambo lingine: Thunderbird haijifundishi kwa hukumu zake yenyewe. Hujifunza kwa hukumu zako tu. Barua njema iliyobaki Inbox bila kuguswa haijaandikwa popote daftarini.

Fanya hivi kwa mpangilio huu:

1. Chagua folda unayoiamini kabisa, kwa mfano folda ya wateja wa mwaka jana. Ipitie kwa macho kwanza. Taka moja iliyojificha humo itaingia upande wa wema.
2. Bonyeza Ctrl+A, kisha Shift+J. Mimi huanza na barua njema zisizopungua 200, za watu na mambo tofauti: ankara, mialiko, barua za benki, hata za utani za wenzako ofisini.
3. Sasa nenda Junk. Kabla ya chochote, toa barua njema zilizotupwa humo kwa makosa, kila moja kwa Shift+J. Hizi ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote, kwa sababu zinasahihisha kosa ambalo chujio limeshalifanya.
4. Zilizobaki ambazo ni taka kweli, na wewe mwenyewe hujaziwekea alama, zipige J. Kama hukulipata daftari la zamani, lenga angalau 50 au 60.
5. Endesha tena "Run Junk Mail Controls on Folder" kwenye folda ambayo hukuitumia kufundishia, uone linavyohukumu.
6. Kwa wiki mbili zinazofuata, sahihisha kila kosa siku hiyo hiyo. Barua taka iliyopenya usiifute kwa Delete. Ipige J. Ukiifuta tu, chujio halijajifunza kitu na kesho litaipokea pacha wake.

Barua za matangazo ulizojiandikisha mwenyewe, za duka au shirika la ndege, usizipige J. Maneno yake yanafanana mno na barua halali za biashara, utalichanganya chujio. Jiondoe kwa kiungo kilichomo. Lakini kwa tapeli usibofye kiungo cha kujiondoa hata siku moja, maana unamthibitishia kuwa anwani yako ina mtu.

Mafanikio hayaji siku ya kwanza. Siku ya kwanza utaona makosa ya pande zote. Wiki ya kwanza ikiisha taka nyingi ziende Junk zenyewe. Kipimo changu ni kingine: siku saba mfululizo bila barua njema hata moja kutupwa. Taka mbili tatu zikipenya nitavumilia. Barua ya mteja ikizama sivumilii.

Tanga tunajivunia msemo wa "waja leo, waondoka leo". Barua taka hazijausikia.

## Hatua ya 9: Angalia sheria zako zisigombane na chujio

Wenye mazoea ya kupanga barua kwa "Message Filters" wapitie hapa. Kila sheria ina chaguo la kufanya kazi kabla au baada ya ukaguzi wa taka: "Filter before Junk Classification" na "Filter after Junk Classification". Sheria inayohamisha barua kwa kuangalia neno tu kwenye kichwa cha habari, iweke iwe baada. Vinginevyo tapeli akiandika neno hilo, barua yake inabebwa mpaka folda ya wateja kabla haijapimwa.

## Hatua ya 10: Tumia ukaguzi wa seva kama upo

Ofisi nyingi zenye anwani za .co.tz hukodi nafasi kwenye seva za cPanel (paneli ya kusimamia tovuti na barua pepe), na humo mara nyingi kuna SpamAssassin, ambayo hupima barua kabla haijakufikia na kuibandika alama.

Kujua kama unayo, fungua barua yoyote ya karibuni, bonyeza Ctrl+U, utafute mstari unaoanza na `X-Spam-Status`. Ukiuona, rudi kwenye "Junk Settings" za akaunti hiyo, weka tiki kwenye "Trust junk mail headers set by" na uchague SpamAssassin. Usipouona, usiweke tiki, haitakusaidia kitu.

Kwenye cPanel kiwango cha kawaida cha kuihesabu barua kuwa taka ni alama 5. Namba ikishuka, ukali unaongezeka. Nimewaona watu wakiweka 2 kwa hasira na kupoteza barua kwa siku kadhaa. Iache 5 mpaka uwe na sababu.

## Ukikwama

Kila kitu kinakwenda Junk. Upande wa barua njema hauna kitu. Rudi hatua ya 8, namba 1 na 2.

Hakuna kinachokwenda Junk. Kagua tiki ya hatua ya 6, kisha kitabu cha anwani cha hatua ya 7. Vyote vikiwa sawa, daftari halikusomeka. Hakikisha uliliweka kwenye profaili inayotumika na si kwenye jirani yake.

Linasahau kila unapowasha kompyuta. Faili au folda haiandikiki. Kwenye Ubuntu hutokea mtu aliponakili kwa `sudo` (amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi), na faili likawa mali ya root, msimamizi mkuu wa mfumo. Lirudishe kwako kwa `sudo chown $USER:$USER` ikifuatiwa na njia ya faili hilo.

Sijui linaamua nini. Kwenye "Settings", sehemu ya "Junk", washa "Enable adaptive junk filter logging", subiri siku moja, kisha ubonyeze "Show Log". Utaona kila barua iliyohukumiwa kuwa taka na wakati wake.

Nimefanya yote, taka za aina moja bado zinapenya. Kuna kiwango kinachoitwa `mail.adaptivefilters.junk_threshold` kwenye "Config Editor", chini kabisa ya "Settings", "General". Kawaida ni 90. Ukishusha, chujio linakuwa kali zaidi. Mimi sijawahi kushuka chini ya 85, na ningependa usiguse kabla ya wiki mbili za kufundisha.

## Nakala ya daftari kila mwezi

Likishakaa vizuri, funga Thunderbird siku ya mwisho wa mwezi, nakili `training.dat` peke yake kwenye flashi, na uipe jina la mwezi huo. Ni faili dogo, halichukui dakika moja. Yule dada wa forodha amelibandika zoezi hili kwenye kalenda yake ya ukutani, siku ile ile ya kulipa kodi ya ofisi.